Mlango wa Choo ni Sentimita Ngapi?

Kongamano letu lilikuwa Tanga mjini, ukumbi wa ghorofani, katika jengo la zamani lenye ngazi pana na madirisha makubwa yanayoingiza upepo wa bahari. Bei ilikuwa ndogo, viti vilikuwepo, mitambo ya sauti ilikuwepo. Kamati ya maandalizi ilifurahi. Mimi ndiye niliyekuwa katibu wake.

Mtoa mada wa pili siku hiyo alikuwa mwalimu wa sekondari anayetumia kiti mwendo. Tulilijua hilo, na mada yenyewe ilikuwa elimu jumuishi. Alipofika kwa bajaji saa tatu kasoro robo, kiti chake kimefungwa kwa mpira nyuma, vijana wanne walikuwa wameshakunja mikono ya mashati na kujipanga chini ya ngazi.

"Shikamoo mwalimu," nikamwambia. "Usiwe na wasiwasi, vijana watakupandisha."

"Marahaba, mwanangu." Akaziangalia ngazi, akawaangalia vijana. "Mimi nimekuja kuwasilisha mada. Sijaja kuwasilishwa."

Hakukasirika, wala hakupandisha sauti. Aligeuza kiti akasogea kwenye kivuli cha mwarobaini uani, akafungua makabrasha yake, akangoja. Ikabidi tushuke sisi. Viti 60 viliteremshwa kimoja kimoja, meza ikafuata, kisha waya wa kipaza sauti ukapitishwa dirishani. Dakika 40 zikapotea. Projekta haikuwa na pa kumulika kwenye jua lile, kwa hiyo alisema bila slaidi, na nadhani ndiyo mada pekee ya siku ile ambayo watu bado wanaikumbuka.

Tangu hapo kila kukiwa na shughuli ya chuo mimi hukabidhiwa "mambo ya walemavu", kana kwamba ni kifungu chenye bahasha yake, baina ya chai na maturubai. Kazi nimeikubali, lakini mgawanyo huo wenyewe ndio ugonjwa. Sisi hatukukosa huruma siku ile, na hata sheria tulikuwa tunaijua. Tulikosea mpangilio. Tulichagua ukumbi, tukachagua tarehe, tukaandika ratiba, tukampata mgeni rasmi, ndipo mtu mmoja akauliza, "Na yule mwalimu atapandaje?" Swali likija mwisho, jibu linalobaki ni vijana wanne wenye misuli.

Rafiki wa nani?

Kwenye taarifa za taasisi zetu utakutana na maneno "miundombinu rafiki kwa watu wenye ulemavu". Ni maneno mazuri, ila yamefunga mizigo miwili katika gunia moja, na mwandaaji asiyeitenganisha atahangaika bure.

Mzigo wa kwanza ni ufikivu. Huu huandaliwa kabla hujajua nani anakuja. Hujui kama atatokea mtu wa kiti mwendo, lakini unachagua ukumbi wa chini. Hujui kama yupo asiyeona, lakini tangazo unaliandika kwa maandishi na si picha tupu. Mzigo wa pili ni marekebisho ya mtu mmoja mmoja. Mwanafunzi mwenye uoni hafifu anakuambia kwamba makaratasi ya semina ayapate kwa herufi kubwa, siku mbili kabla. Hilo huwezi kulibuni kichwani mwako. Ni mpaka aseme, na hatasema kama hakuna aliyemuuliza.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, umeweka yote mawili na kuyatofautisha. Kumnyima mtu marekebisho anayoyahitaji, ilhali hayamlemei mwandaaji kupita kiasi, mkataba unakuita ubaguzi, wala si bahati mbaya. Mwaka uliofuata Bunge letu likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inayogusa elimu, ajira, afya na majengo yanayotumiwa na umma. Kifungu cha 24 cha mkataba kinataja elimu ya juu waziwazi. Kifungu cha 30 ndicho watu wa vyuo hukisahau, kwa kuwa kinahusu utamaduni, burudani na michezo. Kwa hiyo si semina na mitihani tu. Bonanza la mpira wa pete na usiku wa taarabu navyo vimo.

Pingamizi ninalolisikia sana kwenye vikao ni hili: "Lakini sisi tunaye mmoja tu." Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina moja au nyingine. Darasa la chuo halitafikia kiwango hicho, maana wengi hukwama njiani kabla ya kupata namba ya usajili. Ila shughuli ya chuo si darasa. Kwenye mahafali anakuja bibi kutoka Pangani ambaye magoti yamechoka, na baba kutoka Handeni anayesikia kwa sikio moja. Hao hawajiiti watu wenye ulemavu, na hakuna fomu watakayojaza. Wao wataziona ngazi, watakaa nje, na picha ya familia itapigwa bila wao.

Ronald Mace, msanifu majengo wa Marekani aliyetumia kiti mwendo tangu utotoni kwa sababu ya polio, ndiye aliyelipa jina wazo la kusanifu kwa ajili ya wote. Tanga nimeliona wazo hilo likifanya kazi bila nadharia. Tulipopata ukumbi wenye njia ya mteremko, wa kwanza kuitumia walikuwa mafundi wa mitambo na maboksi yao ya spika. Wa pili alikuwa mama wa chakula, anasukuma sufuria la pilau kwenye toroli. Mtu wa kiti mwendo alikuja wa tatu.

Kutoka Kange mpaka kitini

Mwandaaji hupima ukumbi. Mgeni hupima njia yote, kuanzia anaposhuka basi pale stendi ya Kange mpaka anaporudi nyumbani. Sehemu moja ikikatika, mazuri ya sehemu nyingine hayamsaidii.

Mji wa Tanga una bahati yake. Ni tambarare, ndiyo maana baiskeli zimeshamiri hapa kuliko miji mingi, na kile kinachomfaa mwendesha baiskeli mara nyingi kinamfaa pia anayesukuma kiti. Ngamiani mitaa imepewa namba, Barabara ya Kwanza, ya Pili, ya Tatu na kuendelea, kwa hiyo rafiki yangu asiyeona hutembea huku akihesabu makutano kwa fimbo nyeupe na hapotei. Adui ni mitaro. Mtaro usio na kivuko mbele ya lango la ukumbi unatosha kuifuta shughuli nzima. Kiti hakivuki, na fimbo inatumbukia kabla mwenyewe hajajua. Nilipoanza kazi hii nilikuwa nakagua ukumbi kuanzia mlangoni. Siku hizi naanzia pale bajaji inaposimama.

Lushoto ni habari nyingine. Kule Magamba ndiko kilikoanzishwa Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Sebastian Kolowa, ambacho elimu maalumu ilikuwa moyo wake tangu mwanzo, na si mbali na hapo iko shule ya wasioona ya Irente. Yaani katika mkoa wetu sehemu yenye ujuzi mwingi wa jambo hili iko kwenye milima yenye miteremko mikali kuliko yote. Huwezi kuusawazisha mlima wa Usambara kwa ajili ya semina ya siku moja. Unachoweza kufanya ni kupanga shughuli zote za siku zikae sehemu moja, chakula kije walipo watu badala ya watu kukifuata chakula, na gari lisogee mpaka mlangoni hata kama mlinzi ana amri ya kuzuia magari. Amri hiyo iondolewe jana yake kwa maandishi. Ukimwachia mlinzi aamue asubuhi ile, atazuia.

Sasa tuje kwenye hesabu ya mteremko, maana hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Kipimo kinachotumika katika nchi nyingi ni 1 kwa 12. Kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi tatu za sentimita 15 kila moja ni sentimita 45, kwa hiyo mteremko wake uwe mita 5.4. Jukwaa la mita 1 linadai mita 12, na katikati panatakiwa pa kupumzikia. Hakuna seremala wa Ngamiani atakayekuungia mbao za mita 12 kwa usiku mmoja. Atakachokuletea ni ubao wa mita 2 ulioegemezwa kwenye jukwaa, na huo ni mserereko wa watoto. Nimewahi kumwona mhitimu akiusogelea ubao wa namna hiyo mbele ya umati, akausoma kwa jicho moja, kisha akageuka na kuomba cheti chake aletewe chini. Watu walipiga makofi. Nadhani hawakuelewa walichokiona.

Dawa yake ni rahisi mpaka inaudhi. Shusha jukwaa. Kama ni lazima mgeni rasmi aonekane na walio nyuma, sentimita 30 zinatosha, na hizo zinataka mteremko wa mita 3.6, ambao fundi anaumudu. Kama ukumbi si mkubwa, jukwaa la nini? Wekeni meza chini. Kwa miaka mingi tumekuwa tukimwinua mtu ilhali tungeweza kukishusha kitu, na kitu hakina haya.

Vipimo vingine nitavitaja haraka. Njia iwe na upana wa sentimita 90 au zaidi. Mlango ukiwa wazi uache sentimita 80 na kitu. Kiti mwendo kinahitaji uwanda wa mita 1.5 kwa 1.5 ili kigeuke. Nafasi za viti mwendo ziachwe katikati ya safu mbalimbali, mtu akae na wenzake wa darasa. Tabia ya kuwakusanya wote pembeni nyuma, karibu na spika, kama mizigo iliyoshushwa, ikome.

Na choo. Watu wa kamati huona aibu kukizungumzia, na ndiyo sababu kinabaki hivyo. Kumbi nyingi zina choo cha kuchuchumaa, mlango mwembamba unaofunguka kwa ndani, na kizingiti cha kuzuia maji. Palipo na choo chenye alama ya kiti mwendo, mara tatu sasa nimekikuta kimegeuzwa stoo ya mifagio na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda msibani. Matokeo yake hayaonekani kwenye ripoti yoyote. Mtu anakuja, anashiriki, anatabasamu kwenye picha, ila tangu usiku uliotangulia hajanywa maji, kwenye joto la Tanga la mwezi Februari. Ukiona mgeni wako anakataa chai na maji ya chupa, usidhani amefunga. Kaangalie choo.

Kile kisichoonekana kwenye ngazi

Nimeandika sana kuhusu magurudumu kwa kuwa ndiyo yaliyonifundisha, lakini alama ile ya kiti mwendo imetuharibu macho kidogo. Imetufanya tuamini kwamba tukishajenga mteremko tumemaliza.

Chukua mwaliko wenyewe. Siku hizi tangazo la chuo ni picha iliyopambwa, rangi tatu, nembo nne, inarushwa kwenye makundi ya WhatsApp. Simu ya mwanafunzi asiyeona inasoma maandishi kwa sauti, ila ikifika kwenye picha ile inamwambia tu kwamba kuna picha. Saa, ukumbi na namba ya kujiandikisha vyote vimo ndani ya picha. Tiba yake haigharimu hata shilingi moja. Andika maneno yale yale chini ya picha. Vivyo hivyo kwa makabrasha. Karatasi ikipigwa picha kwa skana na kuhifadhiwa kama PDF, kwa programu ya kusoma skrini ni sawa na ukurasa mtupu. Mpe faili lililochapwa. Programu ya NVDA, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, kisha James Teh akaungana naye, wote wawili wasioona, inapatikana bure, na sauti ya eSpeak inayokuja nayo inajua kusoma Kiswahili. Lafudhi yake ni ya roboti aliyekulia mbali na pwani, lakini inaeleweka.

Watu wakisikia "asiyeona" hukimbilia maandishi ya nukta nundu, yale yanayosomwa kwa vidole. Ni kitu cha thamani, na aliyesomea shule kama Irente ataishukuru ratiba ya nukta nundu mkononi. Ila aliyepoteza uoni ukubwani huenda hajui kuyasoma, na mwenye uoni hafifu anataka herufi kubwa, pointi 18 hivi, wino mweusi kwenye karatasi isiyong'aa. Ndiyo maana kuuliza kunashinda kubuni. Na mtoa mada aonywe mapema kuhusu sentensi yake pendwa, "kama mnavyoona hapa". Asome tarakimu zilizo kwenye mchoro, aseme mstari unapanda au unashuka. Wenye macho walioketi nyuma nao watamshukuru.

Viziwi wanahitaji mipango ya mapema kuliko wote, kwa sababu mahitaji yao hayanunuliki dukani asubuhi ya tukio. Wakalimani wa lugha ya alama ni wachache, na kazi yao inachosha akili. Kwa shughuli ya zaidi ya saa moja wawe wawili, wapokezane kila baada ya dakika 20 au 30. Wapewe hotuba na majina kabla. Jina la wizara lenye maneno saba linamchukua mkalimani asiyejiandaa muda mrefu kulitamka kwa vidole. Na usidhani alama ni zile zile kila mahali. Lugha ya Alama ya Tanzania imekua kwa sehemu kubwa kuzunguka shule, tangu shule ya viziwi ya Tabora ilipofunguliwa mwaka 1963, kwa hiyo waliosoma shule tofauti wana alama zinazotofautiana, na anayewajua wageni wako ni bora kuliko anayetoka mbali na cheti kikubwa.

Halafu kuna taa. Mtoa mada anawasha projekta, mtu anakimbilia swichi na kuzima taa ili slaidi zionekane, na papo hapo mkalimani anatoweka gizani. Kwa viziwi waliomo ukumbini hiyo ni sawa na kuzima spika kwa wengine. Umeme ukikatika jioni ni vivyo hivyo. Sisi tutaendelea kusikilizana gizani, tukicheka na kusubiri, na wao wameachwa. Jenereta kwenye bajeti huandikwa kwa ajili ya muziki. Mimi huiandika kwenye safu ya ukalimani, na mhasibu ameshazoea.

Kuna na wale wasiosikia vizuri lakini hawatumii alama, wengi wao wazee. Adui yao ni msemaji anayesimama na kutangaza, "Mimi sauti yangu inatosha, sihitaji kipaza sauti." Sauti yake inamtosha yeye.

Kuhusu watu wenye ualbino, kosa letu kubwa hutokea kwenye mahafali. Msimu wake ni Novemba na Desemba, nje, na saa sita mchana jua la Tanga liko karibu na utosi, limeegemea kusini kidogo. Ngozi isiyo na melanini ya kutosha inaungua kwa muda mfupi, na madhara yake yanajumlishwa mwaka hadi mwaka mpaka kufikia saratani. Hospitali ya KCMC ya Moshi imefikia hatua ya kutengeneza yenyewe mafuta ya kukinga jua kwa ajili yao. Turubai tunaweka, ndiyo, ila kivuli kinahama. Asubuhi jua linaingia ukingo wa mashariki na alasiri ukingo wa magharibi, na programu inayochukua saa tano itapita pande zote mbili. Viti salama ni vya katikati. Ongeza kwamba ualbino unaathiri macho pia. Mtu huyo anahitaji kukaa mbele ili aone, lakini mbele ndiko jua linakomulika na kitambaa cheupe cha jukwaa kinang'aa. Hapo unakuta mahitaji mawili ya mtu mmoja yanagombana, na hakuna mwongozo utakaokuamulia. Tulimpeleka mhitimu mmoja uwanjani siku moja kabla, akachagua kiti chake mwenyewe. Ilimchukua dakika tano.

Wako pia wanaoumizwa na kelele, au umati, au taa zinazomwekamweka ambazo zinaweza kumwangusha baadhi ya wenye kifafa. Chumba kimoja kitulivu chenye mlango kinatosha, na ratiba isiyobadilishwa kila nusu saa. La pili ni gumu zaidi kwetu.

Maneno ya MC

Naweza kuzunguka mkoa mzima nikipima milango, kisha MC mmoja akaharibu yote kwa sentensi. "Tumpigie makofi mwenzetu huyu, pamoja na matatizo yake amefika!" Mhitimu alikuja kuchukua shahada kama wengine 300, ameshageuzwa fundisho.

Maneno yenyewe yanahama, na ni vizuri kujua yamehamia wapi. "Zeruzeru" limekuwa tusi, na "bubu" kwa kiziwi ni tusi vilevile. Lakini "kiziwi" lenyewe viziwi wanalitumia bila haya, na chama chao, CHAVITA, ni Chama cha Viziwi Tanzania. Wasioona kwa upande wao wamechagua jina la Chama cha Wasioona, na "kipofu" wengi hawalipendi. Wa kumsahihisha MC si mimi wala kamusi, ni wenye jina. Anapomsemesha kiziwi amtazame kiziwi mwenyewe, si mkalimani. Anaposema "tusimame" aseme "wanaoweza tusimame". Na kabla ya kukishika kiti cha mtu ili amsukume, aombe ruhusa. Kiti ni sehemu ya mwili wa mtu siku hiyo. Nani anapenda kushikwa kiunoni na asiyemjua?

Bahasha

Fedha. Kamati husema hakuna, kisha inapamba ukumbi kwa vitambaa vya rangi mbili. Nimejifunza kutodai fungu la "walemavu", kwa sababu fungu lenye jina hilo ndilo la kwanza kukatwa. Mkalimani anaingia kwenye safu ya watoa huduma, pamoja na mpiga picha. Mteremko unaingia kwenye jukwaa. Herufi kubwa zinaingia kwenye uchapaji.

Anayesahaulika kabisa ni msaidizi. Asiyeona anakuja na mtu wa kumwongoza, mtu wa kiti mwendo anakuja na mdogo wake. Orodha ina jina moja, kuponi ya chakula ni moja, nauli ni ya mtu mmoja. Nimemwona mgeni akigawana sahani moja ya pilau na kijana aliyemleta, wote wawili wakijifanya hawana njaa sana. Hesabu watu wawili tangu mwanzo. Na chakula cha kujipakulia kwenye foleni ndefu mwenye fimbo au magongo hakimfai. Mtu apite mezani aulize.

Vyote hivi vinaanzia kwenye swali moja la fomu ya kujiandikisha, na tumelibadilisha mara kadhaa. Zamani tuliandika, "Je, una ulemavu? Taja." Wengi waliacha wazi, na nisingewalaumu. Sasa tunaandika, "Kuna jambo tukiliandaa litakuwezesha kushiriki vizuri zaidi? Tuambie kabla ya tarehe fulani," na chini yake namba ya mtu anayepokea simu na kujibu meseji. Majibu yamekuwa ya kila namna. Mmoja alitaka kiti chenye mgongo. Mama mmoja alitaka pa kunyonyeshea. Mwingine aliandika kwamba anaomba mkutano uanze kwa wakati, ombi ambalo bado tunalifanyia kazi.

Mwaka jana nilimwalika tena yule mwalimu. Ukumbi ulikuwa wa chini, lango halina mtaro, meza kuu imewekwa sakafuni. Nilipita na futi ya fundi cherehani mfukoni kabla sijapiga simu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mlango wa choo ni sentimita ngapi?"

"Sabini, mwalimu."

Akanyamaza kidogo. "Kiti changu ni 65, na vidole vyangu navyo vinataka pa kupita. Nitakuja. Ila saa tano niwe nimeondoka, kwa hiyo niweke mwanzo."

Nikafungua ratiba. Saa tatu alikuwa mgeni rasmi. Nikamsogeza.